Haivuji, Inarudisha

Sisi wanafunzi wa Kiswahili aghalabu huisaka maana ya neno kamusini. Tofauti ya maneno mawili, kuvuja na kurudisha, mimi niliipata katika karakana ya kaka yangu mjini Nakuru.

Karakana hiyo ina winchi ya haidroliki ya kuinulia injini. Ilifika wakati ambapo winchi ikishainua mzigo, mkono wake ulishuka polepole pasi na mtu kuigusa. Jambo hilo si dogo. Injini ya gari huweza kupita kilo 150, na makanika anapoiunganisha na giaboksi, vidole vyake huwa baina ya vyuma viwili.

"Inavuja," walisema vijana wa karakana. Neno hilo likawaamuru la kutenda: wakabadilisha mipira ya pistoni mara mbili na kukaza viungo vyote. Winchi ikazidi kushuka.

Ndipo akaitwa fundi mmoja mkongwe. Aliipangusa jeki ya winchi ikakauka, akainua injini kidogo, akaweka magogo chini yake, kisha akachora alama ya chaki kwenye shafti. Baada ya nusu saa shafti ilikuwa imezama sentimita 3, lakini jeki na sakafu vilikuwa vikavu.

"Haivuji. Inarudisha," alisema.

"Inarudisha wapi, Mzee?"

"Tangini, mwanangu."

Tueleze. Pampu husukuma oili kutoka tangini hadi kwenye silinda. Kwa kanuni aliyoibainisha Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, shinikizo linalotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawa kila upande. Hivyo nguvu ndogo ya mkono huinua mzigo mkubwa. Oili huzuiwa isirudi na gololi ndogo inayoziba tundu lake, pamoja na skrubu ya kuteremshia. Chembe moja ya uchafu ikikaa chini ya gololi, oili hurejea tangini kimyakimya. Lau mipira ya pistoni ndiyo iliyoharibika, katika jeki ya aina ile oili ingechuruzika kandokando ya shafti.

Mzee alianza kwa kukaza skrubu, hali haikubadilika. Akamwaga oili, nayo ilikuwa nyeusi. Akatoa gololi, akasafisha kikalio chake, akairudisha na kuigonga taratibu kwa kipande cha shaba ili ikae barabara. Akatia oili ya haidroliki, akionya kwamba oili ya breki huharibu mipira ya jeki. Mwisho akafungua skrubu na kupiga pampu mara kadhaa ili hewa itoke. Jaribio la chaki liliporudiwa, alama haikusogea. Hata hivyo, hakuruhusu magogo yaondolewe. "Oili si nguzo," alisema.

Waama, kuvuja humwelekeza mtu kutazama nje; kurudisha humtaka atazame ndani. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Neno lisilofaa liliwagharimu vijana wale mipira na siku za kazi, na lingaliweza kuwagharimu vidole. Basi wenzangu, tunapoketi kuunda istilahi za ufundi, tusiwasahau mafundi. Wao wamekwisha kuyapima maneno yao kwa uzito wa chuma.