Namba ya Jiji kwenye Kipande cha Mninga

Ukitoka Kariakoo ukashika njia ya Chang'ombe, Keko utaijua kwa pua kabla ya macho: vumbi la mninga, gundi, vanishi inayokauka juani. Kisha vinakuja vitanda, makabati na viti visivyovishwa vitambaa bado, vimepangwa kando ya barabara kana kwamba nyumba nzima imetoka nje kupunga upepo. Dar es Salaam nina mitaa mingi niipendayo, lakini huu naupenda kwa sababu ya hesabu.

Keko kila mtu anagawanya. Kitanda ni tano kwa sita, mbao ni mbili kwa nne, na futi ina inchi 12, namba inayokubali kukatwa kwa mbili, kwa tatu, kwa nne na kwa sita bila kubakiza kitu. Ndiyo maana nilikwenda na namba yangu mfukoni: 5,383,728, idadi ya watu wa mkoa wa Dar es Salaam katika Sensa ya 2022.

Nilimwamkia fundi mmoja mzee, akanipa kigoda. Nilipomweleza nilichokuja nacho, akachomoa penseli sikioni na kunisogezea kipande cha mninga. "Haya mwanangu, pasua tuone."

Namba ya sensa ya 2012, 4,364,541, ni witiri. Hata nusu haikatiki. Hii ni shufwa. Tuliikata nusu mara nne, tukabaki na 336,483. Tukagawanya kwa tatu mara mbili: 37,387. Hapo nilidhani tumefika mwisho, maana namba kubwa mara nyingi huacha gogo la namba tasa lisilopasuka. Saba ikaingia. Ikaingia tena. Ikaingia na mara ya tatu! Tukabaki na 109.

Kwa hiyo namba hii ina vigawo 120, ukihesabu moja na yenyewe. Ukiiacha yenyewe na kujumlisha vingine vyote, unapata 12,348,272, zaidi ya mara mbili yake. Mgiriki Nicomachus, yapata miaka 1,900 iliyopita, alizitenga namba za aina hii, ambazo jumla ya vigawo vyake inazizidi, na zile kamilifu kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Lakini lililonigusa zaidi ni tarakimu zake: zijumlishe, unapata 36, na 36 inaigawanya namba yote, mara 149,548 kamili. Namba zenye tabia hiyo Kaprekar, mwalimu wa shule huko India, aliziita harshad, neno la Kisanskriti lenye maana ya kuleta furaha. Nami nilifurahi kwelikweli, pale pale kwenye maranda.

Fundi alikuwa bado na ile 109. Aliijaribu kwa tatu, ikabaki moja. Kwa saba, zikabaki nne. Akapitisha kidole gumba juu yake taratibu, kama apapasavyo ubao kabla ya kuupiga randa.

"Hapa pana kifundo," akasema.