Todonyang na Madoa ya Fedha

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za Lodwar na Kakuma, lakini ni wachache waliofika Todonyang, mahali ambapo ardhi ya Kenya inakoma na ya Ethiopia inaanza. Hivi karibuni kazi ya ofisi ilinipeleka huko, na jambo nililoliona limenifanya nishike kalamu.

Kutoka Lodwar tulipitia Lokitaung, walikofungwa Mzee Jomo Kenyatta na wenzake baada ya hukumu ya Kapenguria ya mwaka 1953. Kisha tuliteremka hadi Lowarengak, tukaliona ziwa likimeta mbele yetu. Todonyang yenyewe ni makao machache, misheni, mitumbwi ya wavuvi na magofu ya boma la kale la polisi. Waturkana na Wadaasanach wamegombea malisho na samaki hapa mara nyingi, na mwezi wa Mei mwaka 2011 watu wengi waliuawa. Hata hivyo, amani inaporejea, biashara huvuka mpaka kama kawaida.

Jioni moja nilimkuta kijana mmoja amechutama ufukoni, ameshika mchanga mkononi. Mbele yake palikuwa na sarafu mbili kubwa za fedha zenye sura ya mwanamke mnene na tarehe ya 1780. Moja ilikuwa ya bibi yake, nyeusi kwa ukale, iliyofungwa miaka mingi katika kipande cha ngozi. Ya pili ilikuwa inang'aa, ila ilikuwa na madoa meupe usoni. Hiyo aliinunua kwa mchuuzi kwa mbuzi wawili, akiambiwa ina umri wa zaidi ya miaka 200. Sasa alitaka kuziuza zote mbili apate karo ya mdogo wake, lakini mwenye duka alizitazama akasema, “Hizi ni za bandia, zina madoa. Nitakupa sukari kilo mbili.” Ndipo kijana akaazimia kuzisugua.

Nilimzuia kwa haraka, kwa kuwa kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe. Marehemu baba aliniachia shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1924, ambayo robo yake tu ni fedha. Niliisugua kwa majivu na ndimu. Iling'aa siku chache, kisha ikafifia, na simba wa upande wa nyuma hakurudi tena na manyoya yake.

Sarafu za kijana huyu zina historia ndefu. Mwanamke yule ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyefariki mwaka 1780. Sarafu yake ilipendwa mno Ethiopia na Uarabuni, hata ikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile katika miji ya Vienna, Rome, London, Bombay na kwingineko. Mfalme Menelik alipotoa sarafu yake mwenyewe mwaka 1894, watu wengi wa mashambani waliendelea kuitaka ya Maria Theresa. Kabla ya kuipokea walihesabu nukta za bizimu iliyo begani. Zikiwa zimefutika, waliikataa. Basi, mchanga wa kijana ungeziondoa zile nukta ambazo wazee walizitafuta!

Nilimweleza kwamba fedha huwa nyeusi kwa kukutana na kiberiti kilichomo hewani, na kwamba weusi huo ni wa juu juu tu. Madoa meupe ni jambo jingine. Hutokea kwenye sarafu mpya, na hudhaniwa kuwa yanatokana na mabaki ya dawa za kusafishia kiwandani. Hata viwanda vikubwa havikusalimika: mwaka 2018 Royal Canadian Mint ilianza kutumia njia mpya ya kupunguza madoa hayo katika sarafu zake za fedha safi. Kwa hiyo doa peke yake si ushahidi wa ubandia.

Bibi yake, ambaye wote humwita Ata, alitusikiliza kimya, kisha akasema, “Basi zipimwe.” Kijana akafuatana nami hadi Lodwar, kwa mnunuzi wa dhahabu mwenye mizani ndogo. Sarafu halisi ya aina hii ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha iliyomo ni sehemu 833 katika 1,000. Mpya ilitimia, ya Ata ilipungua kidogo kwa kuchakaa. Maandishi ya ukingoni yalikuwapo katika zote mbili. Zote zilikuwa fedha ya kweli!

Lakini ile mpya haikuwa ya kale. Vienna bado wanaipiga hadi leo kwa tarehe ya 1780. Bei ya fedha iliyomo haikutimiza hata mbuzi mmoja mzuri. Kijana aliiuza kwa huzuni. Karo ikapatikana nusu, na nusu nyingine ataitafuta kwa samaki. Sarafu ya Ata aliirudisha ndani ya ngozi yake, nyeusi vile vile.

Ndugu wasomaji, mkipata sarafu ya fedha, msiisugue. Iosheni kwa maji safi na sabuni laini, muikaushe kwa kitambaa bila kuifikicha, kisha muipeleke kwenye mizani kabla ya kusikiliza maneno ya muuzaji au ya mnunuzi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Kijana wa Todonyang aliuamini mng'ao na tarehe, akapoteza mbuzi. Mwenye duka aliyatumia madoa, akakaribia kupata fedha kwa sukari.