Ukumbi wa Viti Sitini

Mwimbaji wa Tanzania ana mahali patatu pa kufanyia kazi: jukwaa la kampeni, sherehe ya harusi, na tamasha la uwanjani lenye mabango ya kampuni. Kote huko anayelipa si msikilizaji. Kwenye kampeni hulipa chama, harusini hulipa kamati, uwanjani hulipa muuza bidhaa. Hakuna ubaya katika kula jasho lako, lakini anayeimba kwa fedha ya mtu mmoja mbele ya masikio ya wengine hujifunza upesi maneno ya kuacha. Kwa hiyo natetea mahali pa nne, panapodharauliwa na wanasiasa na wafanyabiashara vilevile: ukumbi mdogo, karibu na nyumbani kwa mwimbaji, ambamo kila aliyeketi amelipa kwa mkono wake.

Mwezi uliopita niliingia katika ukumbi wa namna hiyo mjini Same. Wasafiri wengi wanaufahamu mji huu kupitia dirisha la basi: vumbi, mkonge, milima iliyosimama upande mmoja kama ukuta. Wasichokiona ni kwamba nyuma ya ukuta huo kuna nchi nyingine ya migomba, tangawizi na ukungu, yenye kilele cha Shengena kinachozidi mita 2,400. Mwimbaji mwenyewe ni binti wa huko milimani. Jina lake silitaji, maana hakuniomba nimtangaze. Palikuwa na viti vya plastiki sitini, gitaa moja, ngoma moja, na kijana mmoja wa kinanda. Kiingilio kilikuwa shilingi 3,000.

Ukiniuliza alipiga muziki gani, nitashindwa kukujibu kwa neno moja. Sauti zilipangwa kikwaya, jambo lisiloshangaza katika milima ambayo Walutheri na Wasabato wameimba kwa vizazi. Wasabato walianzia kazi yao nchini hukohuko Upare, mwaka 1903. Gitaa lilitembea kama la dansi la zamani. Katikati aliingiza beti za kughani kwa kasi, kama vijana wa leo. Juu ya vyote ilikuwapo Chasu, lugha ya mama yake. Wapare tunao mfano wa jambo hili jikoni: makande. Mahindi na maharage huchemka katika chungu kimoja usiku kucha, kila punje ikabaki na umbo lake, na mchuzi ukawa mmoja.

Baada ya wimbo wa tatu, bibi mmoja aliyeketi mstari wa mbele aliinua mkono. Alisema, "Mwanangu, umeimba vizuri, lakini neno ulilolitumia hapo ni la watu wa barabarani. Sisi kule juu hatusemi hivyo." Akalitaja neno lenyewe. Mwimbaji akamshukuru, akapiga magoti kidogo kama inavyompasa mjukuu, kisha akaurudia ubeti wote kwa neno lile la zamani. Ukumbi ukashangilia kuliko wakati wowote usiku ule. Hebu fikiri, ndugu msomaji, ni uwanja gani wa watu elfu kumi ambamo bibi angeweza kumsahihisha mwanamuziki, na mwanamuziki akamsikia?

Lugha yenyewe inahitaji masikio ya namna hiyo. Kanuni zetu za utangazaji zinazitaka redio zitumie Kiswahili au Kiingereza, isipokuwa kwa kibali maalumu. Nazielewa sababu zake, na mimi ni mmoja wa waliolelewa na kulishwa na Kiswahili. Ila taifa hili lilishajionea mwaka 2001, pale Saida Karoli alipoimba Kihaya na nchi nzima ikacheza bila kuelewa nusu ya maneno. Miaka kumi na mitano baadaye, Diamond Platnumz na Rayvanny waliurejesha wimbo ule kwa sura mpya, ukavuma tena. Hakuna Mtanzania aliyepungukiwa utaifa kwa kuusikiliza. Lakini Saida hakuzaliwa redioni; alitoka katika ngoma za kijijini, mbele ya watu waliojua kila neno.

Nilisema kwamba mahali pengine mwimbaji hujifunza maneno ya kuacha. Usiku ule jaribio hilo lilifika hadi kwenye viti sitini. Mwandaaji alitueleza kwamba, alipofuatilia kibali, ofisa mmoja alimtaka aandike tafsiri ya nyimbo zote za Chasu, na akamshauri kirafiki kuuruka wimbo mmoja. Wimbo huo unahusu ndiva, yale mabwawa ambayo wazee wetu waliyachimba ili kukusanya maji usiku na kuyagawa mashambani kwa zamu mchana. Mwimbaji anauliza ndani yake ni nani siku hizi anayepanga zamu. Hakumtaja mtu. Aliuimba. Ulipokwisha, wazee wawili wa vijiji vya juu na vya chini walianza kubishana palepale kuhusu mgao wa maji, kwa heshima lakini bila kificho, kwa karibu robo saa. Wapare husemwa kwamba watauza ng'ombe ili kushinda kesi ya kuku. Safari hii kesi ilisikilizwa bila wakili.

Ofisa yule huenda alikuwa na hofu ya kweli. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984 ili kuikuza sanaa pamoja na kuisimamia, na katika ngazi za chini kusimamia ni rahisi kuliko kukuza. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo, kisha akaachiwa baada ya Rais mwenyewe kuingilia kati. Somo lililobaki kwa watendaji wadogo ni kwamba wimbo ni kitu cha hatari hadi mkubwa aseme vinginevyo. Lakini Same ina somo la zamani zaidi. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani, wakapiga kambi mbele ya boma la mkoloni kuipinga kodi ya mbiru. Mwaka uliofuata wanawake nao wakaandamana. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hiyohiyo, alituandikia historia yake. Watu walishuka kwa sababu ndani ya boma hapakuwa na mahali pa kusikilizwa.

Tusijidanganye kuhusu fedha. Viti sitini kwa shilingi 3,000 ni shilingi 180,000. Mwandaaji alinionyesha hesabu: ukumbi 60,000, vipaza sauti 50,000, wapiga ala wawili 40,000. Mwimbaji alibaki na 30,000, na nauli ya kurudi milimani bado. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda wimbo wake unapotumiwa na wengine. Haimjengei mahali pa kuuimba. Baada ya onyesho aliniuliza, "Shikamoo mwalimu, nirudi Dar es Salaam nikaimbe wanachotaka?" Nilimwambia kwamba swali hilo hapaswi kulijibu peke yake.

Halmashauri zetu zina kumbi za mikutano zinazofungwa kila Ijumaa jioni. Kuzikodisha kwa bei ndogo kwa wasanii wa wilaya, mara moja kwa mwezi, hakuhitaji mfadhili wala semina. Kibali kitolewe kwa siku mbili, bila kudai tafsiri ya lugha ambayo wasikilizaji wote wanaifahamu. Nasi tulioondoka milimani, ambao huchanga mamilioni kwa harusi za binamu zetu, tulipe kiingilio.