Umri wa Nyanya na Umri wa Mawe

Nyanya yangu mzaa baba hakujua mwaka wa kuzaliwa kwake. Alichojua ni kwamba alizaliwa wakati moto wa Nyamulagira ulipoteremka hadi ukaingia katika Ziwa Kivu, upande wa Sake. Siku moja alifika mbele ya karani aliyekuwa akiandikisha watu. "Mama, taja mwaka," karani akamwambia. Nyanya akataja moto. Karani akacheka, akaandika 1950. Kwa hesabu hiyo, nyanya alimzaa baba yangu akiwa na umri wa miaka tisa.

Katika ujana wangu nililionea haya jibu lake. Baadaye, nikiwa mwalimu hapa Goma, ndipo nilipotambua ya kuwa wanajiolojia nao huanzia pale alipoanzia yeye: huuliza kwanza lipi lilitangulia lipi. Tulipochimba shimo uani tulikuta mwamba wa lava, chini yake udongo, na chini ya udongo mwamba mwingine. Ule wa chini ndio mkubwa kwa umri. Wanafunzi wangu hawakuhitaji maelezo marefu, kwani wazazi wao waliiona lava ya Januari 2002 ikijilaza juu ya barabara na nyumba zilizokuwapo.

Lakini kujua mkubwa na mdogo si kujua miaka. Miaka hutafutwa ndani ya jiwe lenyewe. Katika potasiamu mna atomu chache zisizotulia, ambazo baadhi yake hugeuka polepole kuwa gesi iitwayo agoni. Lava ikiwa bado uji wa moto, gesi hiyo hutoroka. Ikiisha kuganda, hufungiwa ndani ya fuwele, na hapo hesabu huanza. Nusu ya atomu hizo hugeuka kwa muda wa miaka milioni 1,250 hivi. Muda huo huitwa nusumaisha, neno ambalo, ndugu walimu, hudanganya wanafunzi: hudhani kuwa nusu mbili zikipita yote yamekwisha, kumbe robo ingali imebaki. Lava yetu ya 2002 haipimiki kwa njia hii. Ni changa mno.

Fuvu alilolipata Mary Leakey huko Olduvai, Tanzania, mwaka 1959, lilikisiwa kwanza kuwa la miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 Evernden na Curtis, waliopima jivu la volkano la matabaka yale wala si mfupa wenyewe, walipata miaka milioni 1.75. Makisio ya wataalamu yalikuwa yamepungukiwa karibu mara tatu, na sikusikia kwamba kuna karani aliyewacheka.

Nyanya alifariki baada ya moto wa Nyiragongo wa Mei 2021. Ndugu zangu walitaka msalaba uandikwe 1950, kama kitambulisho kilivyosema. Tulibishana siku mbili. Nikawaeleza kuwa moto wa Nyamulagira alioutaja unajulikana: ulianza mwaka 1938 ukadumu hadi 1940, na kwamba hata wapima mawe hawaandiki umri bila kuonyesha kiasi wanachoweza kukosea. Baba mkubwa ndiye aliyekata shauri. Tukaandika: "Alizaliwa kati ya 1938 na 1940, wakati wa moto." Fundi alilalamika kuwa maneno ni mengi, akaongeza bei, nasi tukalipa.