Kitabu Tulichosoma Kadutu

Kadutu ya utoto wangu, mtaa wa mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, miaka ya 1980, ilikuwa na vipofu wengi, na wengi wao walikuwa na mtoto wa fimbo. Fimbo yenyewe haikuwa ya kupapasia njia. Mtoto alishika ncha ya mbele, mtu mzima akashika ya nyuma, wakapita hivyo kati ya meza za soko, mmoja akiomba na mwingine akipokea. Baadhi yao walitoka upande wa Shabunda, kwenye misitu yenye mito iendayo kasi. Huko kuna inzi wadogo weusi wanaoambukiza watu minyoo, na vijidudu vya minyoo hiyo vikifia ndani ya jicho vinaliharibu polepole. Kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kwamba itatoa dawa yake, Mectizan, bila malipo. Ilipofika vijijini, wazee wale walikuwa wameshapofuka zamani. Watu waliwahurumia. Mtoto wa mbele hakuna aliyemwangalia. Mimi nilimwangalia, maana nusura niwe yeye.

Mdogo wangu aliugua surua mwaka 1983, akiwa na miaka minne. Surua humaliza vitamini A mwilini, na mtoto ambaye tangu mwanzo anakula bugali wa muhogo na chumvi hana akiba ya kumwokoa. Kioo cha jicho hukauka, hulainika, kisha hutoboka. Hayo niliyajua nikiwa mtu mzima. Wakati ule tuliona macho mekundu yanayotoa usaha, na jirani mmoja mwenye nia njema akaja na majani ya kukamulia ndani. Dispensari ilidai pesa kwanza, Papa alikuwa Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, majani yalikuwa bure. Mama akamshika kichwa, jirani akakamua. Kabla mwezi haujaisha macho yote mawili yalikuwa meupe kama maziwa.

Ndipo maneno yakaanza. Wengine walisema Mama alimkosea mtu wa ukoo na deni limelipwa na mtoto. Wengine walisema Papa alitoa macho ya mwanawe ili apate dhahabu, ingawa dhahabu hiyo hatukuiona. Mama mmoja wa chumba cha maombi alikuja nyumbani mara kwa mara kumtaka Mama aungame. Yeye na wenzake walipenda sana kusoma Injili ya Yohana, sura ya 9, pale wanafunzi wanapomuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata akazaliwa kipofu. Jibu la Yesu lipo palepale, kwenye mstari unaofuata, nalo linawatoa wote wawili hatiani. Sikuwahi kumsikia mama yule akiufikia mstari huo.

Shauri la kweli lilitoka kwa mjomba, na alilitoa kwa upole, kama mtu anayesaidia. Mtoto apelekwe barabarani karibu na katedrali, nami nishike fimbo, kwa kuwa msichana hata akisoma ataolewa tu. Nilikuwa na miaka tisa. Mama, aliyekuwa akiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, sokoni Kadutu, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea chakula, akamshukuru kwa kuja. Kesho yake alinipeleka shuleni mwenyewe, akanishika mkono mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Lakini hata Mama alikuwa na aibu yake. Wageni walipokuja, mdogo wangu alikula chakula chake nyuma ya pazia, kwenye sahani ya peke yake. Siku moja alikuwa amepeleka mkono akapindua bakuli la mchuzi mbele ya watu, mtu akacheka, na tangu hapo pazia likawa lake. Hakuna aliyeona kuwa ni vibaya. Tuliona tunamsitiri.

Na hadithi tulizokuwa nazo hazikutusaidia. Koko, bibi yetu, alitusimulia kuhusu kipofu aliyembeba kiwete mabegani, mmoja akawa miguu na mwenzake akawa macho. Kanisani tulimsikia Bartimayo akipiga kelele kando ya njia ya Yeriko mpaka akafunguliwa macho. Hadithi nzuri zote mbili, na mdogo wangu alizipenda. Ila katika moja kipofu anafaa kwa sababu ana mgongo, na katika nyingine anastahili kusimuliwa kwa sababu anaacha kuwa kipofu. Aliniuliza mara nyingi Bartimayo alikuwa akifanya nini siku nyingine, kabla Yesu hajapita. Sikuwa na jibu.

Mwaka 1991 nchi ilivunjika mikononi mwetu. Wanajeshi wasiolipwa walipora miji, walimu waligoma, shule zikafungwa, na mwaka wa masomo ulioanza wakati huo ukaitwa mwaka mweupe. Nilikuwa sekondari, sina pa kwenda. Padri mmoja wa parokia yetu alikuwa akiazimisha vijana vitabu ili wasizurure, na alipojua kuhusu mdogo wangu alinipa kimoja, Le Livre des jours, tafsiri ya Kifaransa ya kitabu cha Taha Hussein wa Misri, iliyotoka Paris mwaka 1947 na dibaji ya André Gide. Kurasa zilikuwa zimeliwa na mende pembeni. Akaniambia nimsomee kijana, basi, bila hotuba yoyote.

Usiku nilikaa karibu na taa, nikisoma sentensi moja kwa Kifaransa kimoyomoyo na kuitoa kwa Kiswahili kwa sauti. Mwandishi alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji cha Misri ya juu, akaugua macho akiwa mdogo, na kinyozi wa kijiji akayatibu kwa namna iliyoyamaliza. Nilipofika hapo nilitaka kuruka, kwa sababu Mama alikuwa chumba hichohicho, akichambua sambaza za kesho. Sikuruka. Mama hakusema neno, lakini mikono yake ilisimama kwanza, kisha ikaendelea.

Kisha tukafika kwenye tonge. Mtoto wa kitabuni anakula na ndugu zake kutoka sahani moja, anajiuliza itakuwaje akichukua tonge kwa mikono miwili, anajaribu. Ndugu zake wanacheka. Mama yake analia. Baba yake, kwa sauti ya chini yenye huzuni, anamwambia kuwa tonge halichukuliwi hivyo. Tangu siku hiyo mtoto anajinyima kila chakula kinachoweza kumwaibisha, mchuzi, wali, chochote cha kijiko, na anazoea kula peke yake. Anaeleza pia kwamba alipokuja kujua habari za mshairi kipofu wa Siria, al-Ma'arri, aliyekula akijificha hata mtumishi wake asimwone, alimwelewa mara moja.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia mimi dada yake, “Yaya, rudia hapo.” Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Halafu akauliza kama mtu huyo alikuwa wa kweli, na nilipomwambia ni wa kweli, na kwamba alipata udaktari wa chuo kikuu cha Cairo mwaka 1914 kwa kuandika juu ya al-Ma'arri huyohuyo, hakushangazwa na udaktari. Kilichomshangaza ni kwamba mtu mzima mwenye heshima zake ameandika habari ya pazia.

Asubuhi Mama aliondoa pazia, akalifua, akalifanya shuka. Jioni akaweka sahani moja katikati yetu wote, akamshika mdogo wangu kiganja na kukizungusha juu ya chakula. “Sombe iko upande wa ziwa. Samaki upande wa Bagira. Bugali ni Kadutu, hapo ulipo.” Hakuwahi kumweleza tena. Kijana aliyekuwa akiujua mji kwa mteremko wa miguu amekula kwa ramani hiyo tangu siku hiyo, na hata leo, akila hotelini, anamwuliza mhudumu ziwa liko wapi.

Kusoma mwenyewe alifundishwa na katekista mzee, kipofu aliyekuwa amesomea mbali. Alikuwa na kibao cha chuma chenye safu za vidirisha na sindano fupi yenye kichwa cha mbao. Karatasi ngumu inabanwa katikati, unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha unaigeuza na kusoma vinundu kutoka kushoto kwenda kulia kwa ncha ya kidole. Vitone sita tu, navyo vinatosha kwa herufi zote. Louis Braille aliupanga mfumo huo Ufaransa mwaka 1824, akiwa na miaka kumi na mitano, na kilichompofua utotoni kilikuwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, fundi wa ngozi. Katekista alipomweleza hayo, mdogo wangu aliishika sindano muda mrefu bila kuandika.

Karatasi ilikuwa tabu kuliko herufi. Karatasi nyembamba inachanika, vinundu vinalala. Tuliokota kalenda za kampuni ya bia, majalada ya rejista za zamani, mabango ya uchaguzi ambao haukufanyika. Juu ya hizo alianza kunakili kitabu, mimi nikisoma kwa Kiswahili na yeye akitoboa. Radio Maendeleo ilipoanza kurusha matangazo Bukavu mwaka 1993, kazi ilikwenda polepole kwa sababu hakutaka kupitwa na habari.

Tarehe 29 Oktoba 1996 vita viliingia mjini. Siku hiyohiyo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekataa kuwaacha watu wake, aliuawa Nyawera, hapohapo mjini. Habari hizo zilitupata tukiwa tayari njiani. Tulipanda mlima wa Ciriri kuelekea Kabare na umati wa watu, magodoro vichwani. Mdogo wangu alishika upindo wa kitenge changu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine mfuko wa makaratasi yake. Mtu mmoja nyuma yetu alimwambia Mama kwa hasira kwamba katika siku kama hii hakuna anayekimbia na kipofu. Mama alimjibu, “Papa, pita basi.” Akapita.

Tuliporudi, kulikuwa na kizuizi mlimani na askari watoto wa AFDL, waasi walioingia mjini, tuliowaita kadogo. Mmoja alifungua mfuko, akaona kurasa zilizojaa vitone bila herufi hata moja, akaamini ni siri za kijeshi au dawa. Akauliza tunamwandikia nani. Mdogo wangu akanyoosha mkono, akaomba karatasi yoyote ile, akaanza kusoma kwa kidole. Ilikuwa habari ya kijana anayepelekwa Cairo kusoma al-Azhar, anayekaa peke yake chumbani jioni kaka yake akienda kunywa chai na wenzake. Kadogo alisikiliza. Alipoitwa na mkubwa wake alirudisha makaratasi yote isipokuwa moja, aliyoikunja na kuiweka mfukoni. Hatukuidai.

Baada ya vita mashirika yalikuja na semina, na mdogo wangu akawa mtu wa kuonyeshwa. Walimwita asimame, wakamtaja kama mfano, wakawaambia vipofu wengine waliokaa kwenye viti vya plastiki kwamba wakitaka wataweza. Alichukia jambo hilo kuliko matusi ya soko, nami nakubaliana naye. Taha Hussein alikuwa na baba aliyemlipia mwalimu wa Kurani, chuo kilichomtuma Montpellier kisha Paris, na Suzanne, mkewe tangu mwaka 1917, aliyemsomea vitabu kwa sauti. Alipokuwa waziri wa elimu kuanzia mwaka 1950 alipigania shule iwe bure, bila shaka kwa kuwa alijua gharama yake. Anayesimulia ushindi wa kipofu na kuwaacha nje waliomsomea anawaambia vipofu wengine wote kwamba wamelegea. Kila kipofu ninayemjua mjini hapa aliyefika mahali, nyuma yake kuna mtu aliyesoma kwa sauti mpaka sauti ikakauka.

Alipata diploma ya ualimu mwaka 2002. Mtihani wa taifa kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua majibu yaliyochapishwa, na msimamizi alimsomea maswali kwa haraka kama mtu anayekimbiza gari. Mkurugenzi wa kwanza alimkataa, akisema watoto watamdanganya. Wa pili alimpa darasa la tano. Watoto hawakumdanganya kwa muda mrefu. Anajua nani ametoka kwenye benchi kwa jinsi ubao unavyolia, na mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri ndiye anayeandika ubaoni anachosoma yeye.

Hakumekanizwa. Jina lake halikuingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali, kama ilivyo kwa walimu wengi wa Kivu Kusini, na aliishi kwa mchango wa wazazi, desturi iliyoanza tangu ile migomo ya miaka ya 1990. Mwaka 2019 elimu ya msingi ikafanywa bure, mchango ukakatazwa, na aliyekuwa nje ya orodha akabaki na chaki tu. Niliifurahia shule ya bure kwa ajili ya kila mtoto wa Kadutu. Nilimwona pia mdogo wangu akiuza redio yake.

Sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu ilitangazwa tarehe 3 Mei 2022. Nilimsomea kifungu kwa kifungu, naye akatoboa vile vya ajira kwenye karatasi nzuri aliyoinunua mwenyewe. Alikwenda nayo ofisini, akawasomea kwa kidole. Karani alimpongeza sana, akawaita wenzake waje waone anavyosoma, wakampigia makofi. Alisubiri makofi yaishe, kisha akauliza faili lake liko kwa nani. Jibu hilo hajalipata, na kila mwanzo wa muhula anarudi kuliuliza.