Nilimjibia Mama

Mama yangu ana miaka 74 na akili zake ni timamu. Sina kisingizio. Aliulizwa yeye, nikajibu mimi.

Tulikwenda asubuhi kupima sukari na figo. Kijana wa maabara alimwamkia vizuri, akamuuliza kama ametia chochote kinywani tangu usiku. Kabla mama hajajibu nikamwahi: "Hajala." Kumbe alikuwa amekunywa chai ya maziwa yenye sukari, niliyompikia mwenyewe kwa kumwonea huruma. Moyoni nilijiambia chai si chakula. Kijana akauliza tena: anatumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda? "Hapana," nikasema, nikiwahi kazini. Mama anameza warfarini kwa ajili ya moyo. Najua, kwa sababu mimi ndiye ninayemnunulia.

Watu wengi wakishatolewa damu hubonyeza pamba dakika chache, mkono umenyooshwa, damu ikaganda. Wa warfarini damu yake huchelewa kuganda. Hubonyezwa muda mrefu zaidi, kisha pamba hufunuliwa na kuangaliwa kabla hajainuka. Kijana angelifanya hivyo kama ningelisema kweli. Badala yake nilimharakisha mama atoke, pamba kaibana kwa kukunja kiwiko, na mkoba wake kaushika kwa mkono uleule. Kufika jioni mkono umevilia damu, umevimba kama andazi. Nikaukanda kwa maji ya moto, ndivyo tulivyozoea kwetu kwa kila kinachouma. Siku ya kwanza panatakiwa kitu cha baridi. Joto hutanua mishipa na damu huzidi kuvujia ndani. Usiku ule mama hakulala.

Ndugu walipouliza, nikasema kijana wa maabara kamchoma vibaya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Maneno yakazunguka ukoo mzima, shangazi akaapa hatakanyaga pale. Kijana yule aliutafuta mshipa kwa upole, akachoma mara moja tu.

Majibu ya figo yalikuwa mazuri. Ya sukari yalikuja milimoli 8.6 kwa lita. Kwa mtu ambaye hajala, kuanzia 7.0 ni kiwango cha kisukari, na mama aliposikia alianza kulia. Daktari akamtuliza: kwa asiye na dalili, jibu moja halitoshi, kipimo kitarudiwa. Akaongeza na kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama 3 iliyopita, ambacho kikombe kimoja cha chai hakikigeuzi. Kisha akamgeukia mama, si mimi: "Mama, siku ile asubuhi ulikunywa nini?" Mama alinitazama kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa ya kusema. Mtu aliyenilea ananiomba ruhusa! Nikasema mwenyewe yote, chai na warfarini. Kipimo cha pili kikatoka 5.2, na kile cha wastani nacho hakikuwa na neno.

Mama nimeshamwomba radhi. Bado ninyi, ndugu zangu, na bado kijana wa watu, ambaye nitamfuata mwenyewe. Hakumchoma mama vibaya. Nilimficha alichohitaji kujua. Shangazi, nenda ukapime pale. Wakikwambia usile, chai pia uiache, maji matupu hayana shida. Dawa zako zote zichukue mfukoni, uwaonyeshe. Na mkono ukizidi kuvimba, au ukiingia ganzi, usiukande. Rudi kwao siku hiyohiyo.