Kiitikio cha Mbali

Katika miaka ya 1990, tulipokuwa karani kijana katika ofisi ya wilaya moja ya bara, tulizoea kujibizana kwa mashairi na malenga mmoja wa pwani ambaye hatukupata kumwona kwa macho. Sisi tulitoa swali gazetini. Naye, baada ya majuma machache, alilijibu kwa bahari ile ile na vina vile vile, kama itakavyo ada ya majibizano. Tulidumu hivyo miaka saba, tukamhesabu kuwa rafiki.

Kisha majibu yakakoma. Tulidhani kuwa swali letu la mwisho limemshinda, tukajisifu mbele ya makarani wenzetu. Ilipopita miezi mitano, gazeti lile lile lilichapa shairi la tanzia: mwenzetu alikuwa amefariki. Siku zile tulizokuwa tukitamba kwa ushindi, yeye alikwisha zikwa. Aibu hiyo haijatutoka hata leo, nayo ndiyo itufanyayo tuulize: je, watu wasioonana waweza kweli kufanya sanaa moja?

Ada yenyewe si ngeni kwetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapa mashairi ya watunzi wa sehemu mbalimbali, na mtu wa mji huu aliweza kumpokea mtu wa mji ule. Kilichozidi katika zama hizi za intaneti ni wepesi wa chombo na wingi wa watu.

Na tuitazame kazi ya Eric Whitacre, mtunzi na mwongoza kwaya wa Marekani. Mwaka 2009 alioneshwa filamu fupi ya msichana aliyejirekodi akiimba peke yake sauti ya kwanza ya wimbo mmoja wa mtunzi huyo. Whitacre akawaza: wakifanya hivyo watu wengi, kila mmoja kwa sauti yake, je, haitapatikana kwaya? Akajipiga filamu akiongoza katika ukimya mtupu, mikono ikienda na wimbo akiusikia kichwani tu. Kisha akaongeza kinanda cha kuwafuatisha waimbaji. Watu wakachukua nota, wakaimba vyumbani mwao, wakapeleka filamu zao, nazo zikaunganishwa. Mwaka 2010 kwaya hiyo ilitokea na waimbaji 185 wa nchi 12. Mwaka 2011 walikuwa 2,052 wa nchi 58. Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipowazuia watu kukusanyika, waliimba watu 17,572 kutoka nchi 129.

Wachoraji nao hawakubaki nyuma. Mwaka 2010 Chris Milk na Aaron Koblin walianzisha kazi ya kumkumbuka Johnny Cash, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 2003. Kila aliyependa alichora picha moja ya filamu yake. Picha hizo zikapangwa zikifuatana, na marehemu akaonekana akitembea tena kwa mikono ya maelfu ya watu wasiojuana.

Wapo wazee watakaosema kwamba hiyo si ngoma. Ngomani, manju humsikia mwitikiaji. Mpigaji akiona mchezaji amechoka, hupunguza mwendo. Sauti ya mmoja ikikatika, jirani huidaka. Katika kwaya ile kila mwimbaji aliiona mikono ya kiongozi, lakini hapana aliyemsikia jirani yake wakati wa kuimba. Kama mmoja alilia, wimbo uliendelea. Hoja hii ina uzito, nasi tumekwisha kuonja uchungu wake.

Mwaka uliofuata msiba ule tulichukua likizo, tukashuka pwani kutoa rambirambi zilizochelewa. Alitupokea binti wa marehemu. Tulipotaja jina letu alitabasamu, akaanza kutughania beti zetu wenyewe, moja baada ya moja, bila kushika karatasi. Ndipo tulipojua kwamba baba yake alipofuka miaka mitatu kabla ya kufa. Binti ndiye aliyekuwa akimsomea gazeti, na ndiye aliyeandika majibu huku mzee akihesabu mizani kwa vidole. Sisi tulizihesabu silabi zake miaka yote hiyo, wala hatukuwahi kuuliza hali yake.

Basi jibu letu ni hili. Sanaa ilikuwa ya kweli: beti zile zilipokewa, zilihifadhiwa, zikawa chakula cha nyumba tusiyoijua. Umbali haukuzuia shairi kufika. Uliloficha ni macho ya mtunzi, na sisi hatukujitaabisha kulifunua. Chombo hupeleka wimbo. Kujuliana hali ni kazi ya waimbaji wenyewe, na hapana chombo kitakachowafanyia.

Vijana mnaosoma haya, nanyi walimu mnaowaongoza, msiogope kuimba na walio mbali. Pelekeni ngoma zetu na mashairi yetu, nanyi mpokee ya wenzenu. Lakini siku mtakapotoa wimbo na kiitikio kisirudi, msifanye haraka kusema mmeshinda. Ulizeni kwanza kama mwenzenu yu mzima.